Mwaka wa Kusikiliza Disque ya Tonton Médard

Kwenye matanga ya Tonton Médard kulikuwa na kila kitu isipokuwa sauti yake. Picha ilikuwepo, kubwa, imezungushiwa maua ya plastiki, na watoto wake walivaa fulana zenye uso wake kifuani. Kwaya ziliimba kwa zamu, watu walijaa chini ya turubai hadi barabarani, na mimi nilikaa kwenye kiti chenye mguu mbovu nikisikiliza mazungumzo ya kina mama waliokuwa nyuma yangu. Mmoja alisema jambo ambalo wengi tulikuwa nalo moyoni. Huyu mtu amepiga video ya ndoa zote za mtaa wa Mangobo, ametuhifadhia sauti za baba zetu na bibi zetu, na leo yeye mwenyewe hatuna hata neno lake moja. Ni kweli hakupenda kupigwa picha. Ukimwelekezea kamera, aliinua kiganja mbele ya uso na kukuuliza kama huna kazi. Nilimsikia yule mama nikakubali kwa kichwa, lakini akili yangu haikuwa pale. Kuna neno nilikuwa nadaiwa na Tonton Médard tangu miaka kumi na sita, neno la kumwambia kwa mdomo wangu, na sasa alikuwa amefukiwa kabla sijalisema.

Watu walipomaliza kula, mjane wake, Maman Béa, alinishika mkono akaniingiza chumbani. Godoro lilikuwa limetolewa kwenye kitanda na kulazwa sebuleni, ambako wanawake wa ukoo walilala na kulia. Alifungua kabati, akapenyeza mkono chini ya vikwembe vyake, vitenge vya kujifunga, akatoa furushi lililofungwa kwa kitambaa cha manjano chenye ndege. Nilikitambua kile kitambaa kabla hajaniambia kitu. “Alisema hii ni ya Vero,” akasema. Vero ni mimi. Nina miaka arobaini na miwili, watoto watatu, na duka langu dogo la kuchapisha karatasi karibu na soko, na wanaonijua watakuambia mdomo wangu haumwogopi mtu. Lakini palepale niliketi kwenye mbao tupu za kitanda. Ndani ya kitambaa kile ilikuwemo disque ya kompyuta, na disque ile ndiyo iliyonitia wazimu mwaka mzima nilipokuwa na miaka ishirini na sita.

Mwaka ule nilifanya kazi katika studio ya Tonton Médard, vyumba viwili vya matofali huku Mangobo, kati ya kinyozi na mama wa mikate ya kukaanga. Chumba cha mbele kilikuwa cha picha. Kulikuwa na pazia lililochorwa ngazi za nyumba ya kitajiri ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuipanda, na benchi la wanaongoja. Chumba cha nyuma kilikuwa changu. Kilikuwa na dirisha moja lenye wavu, feni iliyokufa, na meza iliyobeba kompyuta kubwa ya zamani iliyovuliwa ubavu ipate hewa, ukawa unaona matumbo yake yote na vumbi lake. Chini ya meza palikuwa na onduleur, lile sanduku la betri linaloishikilia mashine dakika chache umeme ukikatika, na ambalo hulia kwa sauti ya mtoto aliyefinywa mpaka uzime kila kitu. Ililia kila siku. Umeme wetu ulitoka kwenye bwawa la Tshopo, na uliletwa mtaa kwa mtaa kwa zamu. Leo asubuhi kwetu, kesho mchana kwa wengine, na zamu yenyewe haikuapa kwa mtu. Harufu ya mikate ya jirani iliingia kwenye wavu tangu saa moja, na mimi nilikula minne na chai huku nikikata na kuunganisha ndoa za watu.

Tonton Médard alipiga, mimi nikaunganisha. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye kizibao cha mifuko mingi na maneno machache. Kila alipowasha kamera, iwe kanisani, iwe matangani, alisema maneno mawili: “Bon. Tunaenda.” Kisha ananyamaza mpaka sherehe iishe. Kwa hiyo kila kipande kilichofika mezani kwangu kilianza na sauti yake, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuifuta. Alikuwa mkali kwenye jambo hilo. “Kata mudomo yangu,” aliniambia wiki ya kwanza. “Batu hawakuniita ku ndoa juu ya kusikia mimi.” Nikawa naikata. Sijui nimeikata mara ngapi ile sauti na kuitupa.

Kompyuta yenyewe ilikuwa na nafasi ndogo, tena ilijaa virusi vilivyoletwa na wateja kwenye clé zao za USB. Ndiyo sababu kila kitu kilikaa kwenye disque ya nje, nzito na nyeusi, ukubwa wa kitabu cha nyimbo za kanisa, yenye waya wake wa umeme na waya mwingine wa kwenda kwenye mashine. Tuliiita Tofali. Ndoa za miaka mitano zilikuwa ndani yake, na matanga, na komunyo za kwanza, na nyingine wenyewe walikuwa hawajaja kuchukua. Hapakuwa na nakala nyingine popote. Leo namwambia kila msichana ninayemfundisha kazi kwamba kitu kilichopo mahali pamoja tu hakipo, lakini wakati ule sisi tulidhani kitu kilichotolewa nje ya mashine kimeshaokoka. Tuliogopa mashine, hatukuiogopa disque. Tuliogopa pia wezi, waliokuwa wakitoboa kuta za studio za watu. Basi kila siku tukifunga, niliifunga Tofali kwenye mfuko wa plastiki, kisha kwenye kile kitambaa cha ndege, nikailaza kwenye bassin ya bati, nikaifunika kwa pondu ya kutosha sufuria mbili, nikapanda toleka, yaani baiskeli ya abiria, hadi nyumbani kwa Tonton. Msichana mwenye bassin ya majani ya muhogo, nani atamwangalia mara ya pili? Maman Béa aliipokea, akaiweka kabatini, akapika ile pondu. Asubuhi naifuata. Nyumba ile ilikula pondu mwaka mzima kwa ajili ya usalama, na watoto walishaanza kulalamika.

Siku nilipoharibu ilikuwa Jumamosi ya mvua. Tonton alikuwa kanisani anapiga ndoa, na mimi nilikuwa nimefunga mapema. Tantine Marceline, niliyekuwa nikikaa kwake karibu na maporomoko, alikuwa amenitumia neno kwamba samaki wamepatikana na lituma, ndizi zetu za kuponda, inatwangwa. Nilihesabu njia. Kwenda kwa Tonton kwanza, kisha kurudi kwetu, ningefika lituma imepoa. Nikajiambia disque italala kwetu usiku mmoja, nani atakufa? Wallahi, tumbo langu ndilo lililoamua. Nikamwambia kijana wa toleka tunaelekea mtoni. Alikanyaga pedali kwa bidii, mvua usoni, na kwenye dimbwi moja lililokuwa na shimo chini yake gurudumu la mbele likazama. Mimi nikaenda upande, bassin ikaenda upande wake. Pondu ilitapakaa kwenye matope. Na kati ya mvua, kelele za watu waliotucheka, na yule kijana aliyekuwa akiilaumu barabara, nilisikia mlio mmoja mdogo, wa kitu kigumu kugonga jiwe. Ko. Basi. Nilipoinua lile furushi, kitambaa kilikuwa kikichuruzika.

Nyumbani nilifungua juu ya mkeka. Mfuko wa plastiki ulikuwa umechanika pembeni na maji yameingia. Sikulia. Nilikaa tu nikiitazama, nikiona mabibi harusi wote wa Mangobo wamepanga mstari mlangoni wakinidai. Tantine Marceline alinifuata na kijiko mkononi, akatazama, akauliza hicho nini, nikamweleza. Tantine amezaliwa kwenye familia za wavuvi na hajui kitu duniani kisichokauka. “Kitu ikilowa, banaikausha,” akasema. “Iko nguo, iko samaki, iko mashine, moto ni moto.” Na mimi, mwenye cheti cha informatique, cha mambo ya kompyuta, kilichotundikwa kwenye fremu ukutani, nilimpa. Akailaza kwenye uchaga wa kukaushia samaki, pembezoni, mbali kidogo na moto, jirani na kambare watatu waliopindwa mkia ndani ya mdomo. Alipowageuza samaki, naye aliigeuza Tofali. Alikuwa akiifanyia heshima zote. Nilikula lituma ile niliyoikimbilia na sikuhisi ladha yoyote, na ngurumo ya maporomoko niliyoizoea tangu siku nyingi ilinikera mpaka nikataka kuiambia inyamaze.

Jumapili nilimpelekea Maman Béa uongo wa kwanza, kwamba kwa sababu ya mvua nimeiacha studioni chini ya kufuli. Kisha nikarudi kuisugua disque kwa kitambaa na ndimu. Weusi wa moshi hauonekani kwenye kitu cheusi, lakini harufu haikutoka. Jumatatu niliwahi kufungua. Nilichomeka waya wa umeme, nikachomeka wa pili, nikasubiri. Kwanza kimya. Halafu ikazunguka, na ndani yake nikasikia kitu ambacho hakikuwepo kabla: tak. Tak. Tak-tak. Kisha mafaili yakatokea kwenye kioo, yote, kwa majina yake, nikapumua kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Tonton Médard aliingia wakati uleule. Alisimama nyuma ya kiti changu muda mrefu kidogo kuliko kawaida yake. “Umekula samaki asubuhi?” akauliza. Nikasema ndiyo, Tonton. Akasema samaki wa moshi na lituma ni chakula kizuri, akatoka kwenda kunyoa ndevu kwa jirani. Nikajiona nimepona.

Sikupona. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi niliyaficha na kuyasikiliza kila siku. Niliijua ile tak kuliko ninavyojua sauti ya mtoto wangu leo. Kulikuwa na tak moja moja ya asubuhi, ambayo haikuwa mbaya. Kulikuwa na tatu mfululizo, na hapo kioo kiliganda, na mimi naganda nacho. Na kulikuwa na kimya kirefu kabla ya kuzunguka, na hicho ndicho kilichoniua, kwa sababu kila mara nilidhani ndiyo mwisho. Nilipomhudumia mteja nilimwinamia kusikiliza neno lake huku sikio la pili likiwa mezani. Nikaacha mikate. Sketi zikaanza kunivuka. Tantine aliniita jioni moja akanikalisha, akauliza kwa upole mimba ni ya nani. Nilipomwambia hakuna mimba, hakuamini, akaanza kunichemshia majani. Na kila siku, nikiifunika disque kwa pondu, nilijiambia leo nitamweleza Tonton. Nikifika mlangoni kwake maneno yanarudi tumboni.

Nikaanza kunakili. Ndilo pekee niliweza kufanya. Nilichukua ndoa moja kwenye disque, nikaivuta ndani ya mashine, nikaichoma kwenye CD, nikaifuta kwenye mashine, nikachukua nyingine. Mashine haikubeba mbili kwa pamoja. Sikuwa na muda wa kukata wala kupamba, nilichukua kama ilivyopigwa. Kilichonisaidia ni kwamba Jumanne, kesho yake ya ile Jumatatu ya moshi, nilikuta mezani mnara mpya wa CD tupu. Nilidhani Tonton amejiandaa kwa msimu wa ndoa. Ulipokwisha, ukaja mwingine. Sikumwomba hata mara moja, na nilikuwa na hofu nyingi mno ya kutambua hilo.

Mama Alphonsine alikuja siku ya Alhamisi, wiki ambayo Tonton alikuwa ameshuka na boti kwenda Isangi kupiga ndoa na hakutazamiwa kabla ya Jumamosi. Alikuwa muuza chikwangue sokoni, ile mikate ya muhogo iliyofungwa kwa majani, mwanamke mkubwa mwenye sauti ndogo. Mwanawe, Dieudonné, tulikuwa tumepiga ndoa yake mwaka uliotangulia. Miezi mitatu baada ya ndoa homa ilimchukua, akamwacha mkewe na mimba. Kwenye msiba hakuna aliyekumbuka video. Sasa Jumapili ilikuwa siku ya kuondoa matanga, kuvua nguo nyeusi, na mtoto wa kike aliyezaliwa nyuma ya kifo cha baba yake angebebwa mbele ya watu. Mama Alphonsine alitaka siku hiyo watu wamwone Dieudonné akicheka. Alitaka mtoto awe na baba wa kumtazama. Aliyasema hayo taratibu, amesimama, mkono kwenye fremu ya mlango. Nikamwambia aketi, ni jambo la dakika chache. Ndoa ya Dieudonné nilikuwa bado sijaifikia.

Nilichomeka. Kimya kirefu. Tak-tak-tak. Kisha badala ya mafaili likaja sanduku dogo la maneno ya Kifaransa, kwamba disque hii haijaandaliwa, je, niiandae sasa? Ndiyo au hapana. Kila mtu wa kazi hii anaujua ule ujumbe. Ukibonyeza ndiyo, umefuta kila kitu. Kidole changu kilikuwa juu ya kipanya na nikaogopa hata kukiondoa, nisije nikabonyeza kwa kutetemeka. Nikabonyeza hapana. Nikachomoa, nikachomeka, ujumbe uleule. Mara ya tatu, nilipoiinua kuikagua, nikaishika kwa ubavu, ikaacha kugonga. Ikazunguka. Majina yakatokea. Nilipoilaza mezani tu, tak-tak-tak, yakapotea. Nikaelewa kwamba kitu kilichohama ndani kilikuwa kinakaa mahali pake ikiinamishwa tu. Ilikuwa imepita saa nne. Umeme wetu siku ile ulikuwa wa kuondoka saa sita. Nilijaribu kuiegemeza kwa kitabu, ikateleza. Ilihitaji kushikwa, bila kutikisika, na mikono yangu mimi haikuweza kushika hata kikombe.

Hapo ndipo niliposema. Sikumwambia mwenye disque, nilimwambia muuza chikwangue. Niliyatoa yote, mvua, lituma, toleka, moshi, miezi ya kunyamaza, na kwamba mwanawe yumo humu na pengine hatoki. Nililia kwa aibu, kamasi na kila kitu. Mama Alphonsine hakunitukana, ingawa nilingoja anitukane. Alivuta kiti chake karibu na meza, akapangusa viganja kwenye kikwembe.

“Lete hapa,” akasema. “Ye nilimubeba myezi tisa. Saa moja itanishinda?”

Nikampa. Akaipakata kwa ubavu juu ya mapaja, mkono mmoja chini, mwingine juu, waya mbili zikimning'inia magotini. Nikaanza kunakili. Mashine ikaandika dakika kumi na mbili, kisha saa tatu, kisha dakika arobaini, kama kawaida yake ya kusema uongo. Kile kimstari cha kijani kilisogea kama kiwavi mzee. Nje mama wa mikate aligombana na mteja juu ya chenji, na nilitamani kuwafukuza wote, kana kwamba kelele zao zingeitikisa. Mama Alphonsine alikuwa ameinamisha kichwa, sikio karibu na disque. Baada ya muda akasema, kwa ile sauti yake ndogo, “Ni vile kifua yake ilikuwa inafanya ku hôpital. Vile vile.” Nikamwekea mkono begani, nikautoa haraka nisimtikise.

Umeme ulikatika kabla ya saa sita. Hata saa tano na nusu haikuwa imefika. Onduleur ikaanza kulia, kioo kikabaki kinawaka, na disque, niliyoichomeka kwenye onduleur hiyohiyo, ikaendelea kuzunguka mapajani kwake. Betri ile ilikuwa nzee, ilishika dakika nne, siku nyingine tatu. Kimstari kilibaki na upana wa kidole. Nikapiga magoti mbele ya kioo na kuomba kwa Bikira Maria kwa maneno yasiyopangika. Mama Alphonsine hakuinua kichwa. Kimstari kilifika mwisho, sanduku la maneno likajifunga, na kabla sijafungua faili kuhakikisha, mashine, disque, onduleur, vyote vikafa pamoja. Nilimwambia sijui kama imeingia yote, hatutajua mpaka umeme urudi kesho. Akaondoa Tofali mapajani taratibu, akanikabidhi, akanyoosha magoti yake kwa shida. Akasema kesho atakuwepo mapema.

Usiku ule sitausimulia. Ijumaa alfajiri nilimkuta kwenye ngazi ya studio, chikwangue mbili kwenye mfuko kwa ajili yangu. Umeme ulirudi saa tatu. Nilifungua faili. Kioo kikawa cheusi, kikatetemeka, na sauti ikasema, “Bon. Tunaenda,” na Dieudonné akatokea mlangoni mwa kanisa, suti imembana mabega, akijipangusa jasho kwa leso ya bibi harusi na kucheka kwa sababu alikuwa anakatazwa kufanya hivyo. Mama Alphonsine alitoa sauti ambayo siwezi kuiandika. Aliitazama yote. Mwishoni nikashika kipanya nianze kazi, nikamwambia kwanza nitaondoa ile sauti ya Tonton ya mwanzo, ndiyo kanuni. Akanizuia mkono. “Acha,” akasema. “Ile siku ilianza vile.” Nikaiacha, hiyo tu; nyingine zote nilizikata kabla ya kuwapa wenyewe. Tonton aliporudi Jumamosi nilimwambia tu kwamba Mama Alphonsine amepata CD yake. Akanitazama kwa muda, akasema vizuri.

Ilinichukua miezi mingine mitano kumaliza zilizobaki, nikiishika Tofali kwa ubavu mapajani mwangu mwenyewe, jinsi nilivyofundishwa. Karibu na Noeli niliichomeka asubuhi moja na haikuzunguka tena, hata ubavu, hata kichwa chini. Tonton aliichukua, akaitikisa karibu na sikio lake. “Imepumzika,” akasema. “Uko nazo zote?” Nikasema zote. Akasema bon, akaifunga kwenye kitambaa cha ndege, akaondoka nayo. Mwaka uliofuata niliolewa, nikaacha kazi. Tulikutana mara nyingi, kwenye ndoa, sokoni, na kila mara alinisalimu kwa kuuliza nimekula nini. Na kila mara nilijiambia, siku nyingine nitamweleza.

Nilimweleza mjane wake, nimeketi kwenye mbao za kitanda, furushi mapajani. Maman Béa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanifungulia kitambaa, akaisogeza disque puani kwangu. Miaka kumi na sita, na bado ilinuka uchaga wa Tantine Marceline.

“Jumatatu ile ilifika hapa inanuka hivi,” akasema. “Médard alicheka mpaka akaketi chini. Nilimwambia afukuze ule mutoto. Alikatala. Alisema mwenye kuogopa analinda muzuri.”

Nilikasirika. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilimkasirikia marehemu, kwenye chumba chake, watu wakimlilia nje. Mwaka mzima nimekonda, nimenyweshwa majani ya mimba, na yeye anajua, analeta CD tupu na kunyamaza? Nilimwambia Maman Béa kwamba huo si wema, huo ni ukatili. Akakunja kile kitambaa taratibu juu ya goti lake.

“Hapana kulinda disque tu, Vero,” akasema. “Alikuwa anangoja useme. Kila mangaribi ulikuwa unaacha bassin hapa, unaenda. Na ye anaingia, ananiambia: leo tena hajasema.”

Nje, kwaya ikabadilisha wimbo. Ndipo likanijia lile nililoshindwa kulikumbuka chini ya turubai. Nilitoka, nikapita kati ya viti nikimtafuta Mama Alphonsine. Nilimkuta mbele, amezeeka, mjukuu wake wa kike ubavuni, mrefu tayari, mwenye mabega ya baba yake. Nilimuuliza kama ile CD bado ipo. Akanitazama kama mtu niliyemuuliza kama bado ana mikono. Mjukuu akapanda pikipiki kwenda kuileta.

Tuliiweka kwenye mashine iliyokuwa ikicheza nyimbo za maombolezo, na kioo kikubwa cha televisheni kikageuzwa kuelekea watu. Maman Béa alikuja akasimama karibu yangu, bado ameshika kile kitambaa. Watu hawakujua tunafanya nini, wengine waliendelea kuzungumza. Kioo kikawa cheusi, kikatetemeka.

“Bon. Tunaenda.”

Mazungumzo yakakatika kiti kwa kiti, mpaka barabarani. Dieudonné alitokea mlangoni mwa kanisa akicheka, na Maman Béa hakumtazama. Alinigusa mkono.

“Rudisha nyuma,” akasema.

Nikarudisha.